Nilisema Nakuja

Kwemzizi, njia ya Sindeni
Jumatatu, 3 Machi 1975

Daftari hili lilikuwa la Baba Hiza, mume wangu. Alipewa kwa ajili ya kisomo cha watu wazima, akaandika majina ya wanafunzi kurasa mbili, akaliacha. Kurasa hizo mbili nimezichana. Zilizobaki ni zangu.

Leo ni siku ya kumi tangu ahame. Hakwenda mbali, angekwenda mbali ningeshukuru. Yuko mwisho wa mstari wa pili wa nyumba, kwa Mama Mwanaidi, amemwoa binti yake Zamda. Kabla ya ndoa alisilimu. Mwinjilisti Ernesti, aliyenitoa kwetu Bungu milimani akaniambia tunashuka kuanzisha kanisa kwa Wazigua, sasa anaitwa Muhidini.

Zamda ana mimba ya miezi sita au saba. Mimi nilifundishwa ukunga na masista wa misheni, na matumbo ya wanawake wa kijiji hiki nayajua yote. Hilo moja sikulijua. Kijiji kizima kilijua. Nikipita kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza, nami nikidhani ni heshima.

Kuachwa kunauma. Lakini nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikipita pale kisimani na shingo yangu imenyooka, ndipo natamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Nimelima. Sikusema na mtu.

Jumapili, 9 Machi

Tulikuwa tunasali watu tisa. Leo watatu: mimi, Mzee Lukasi aliyewahi kukata mkonge Korogwe, na mkewe ambaye hasikii vizuri. Hakuna wa kuhubiri. Nilisoma Neno, tukaimba, tukaomba, tukatoka.

Mzee Lukasi akaniambia mlangoni, "Umesoma vizuri, Mama Hiza. Mumeo alikuwa anapiga kelele."

Nikacheka. Nyumbani nikaona haya kwamba nimecheka.

Jumanne, 18 Machi

Nimerudi kutoka Korogwe. Njia nzima kwenye lori la kwenda nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mchungaji Habakuki Mhina, maana ndiye mwenye dhamana ya kituo chetu. Alinipa kiti, akaniombea, akauliza habari za Hiza, mwanangu, anayesoma Bungu kwa bibi yake. Kisha akavua miwani.

"Mama, mume alipokuwa anapotea, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani, Mchungaji."

"Nyumbani," akasema, kama mtu anayeonja chakula akakuta hakina chumvi. "Rudi Bungu ukamlee mtoto. Kituo tutakifunga mpaka tupate mwinjilisti mwingine."

"Kuna watu pale wanasali."

"Wangapi?"

"Watatu."

"Pamoja na wewe?"

Nikamwomba aniruhusu niendelee kuwasomea Neno tu. Akatikisa kichwa. "Mwinjilisti amekana imani, mkewe aliyeachwa asimame mbele ya kijiji kile aseme nini? Watatucheka." Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa ananihurumia, na huruma ile ilinichoma kuliko ukali.

Nikasema nimeshalima, aniache angalau nivune.

"Vuna, basi. Lakini usijiite kitu."

Jumamosi, 22 Machi

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbwana, amekuja na kofia yake mkononi. Nilijua ni habari ya kanisa. Tangu tulipohamishiwa hapa mwaka jana wakati wa operesheni ya vijiji, kila kiwanja kimo kwenye karatasi yake.

"Kuna wanaotaka nyumba yenu ile niifanye ghala la mahindi ya kijiji," akasema. "Nimewaambia, nyumba anamotajwa Mungu siigusi. Mimi ni Mwislamu, nitamjibu nini Mwenyezi Mungu? Lakini lazima atajwe, Mama Hiza. Ikikaa bure mwezi mzima, ni ghala."

"Itatajwa, mzee."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akavaa kofia. "Haya. Maulidi ni wiki ijayo. Pilau haichagui dini, karibu."

Sitakwenda. Nitakaa wapi, mkabala na nani?

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Watu wanne. Mvua imeanza tukiwa ndani. Nyasi za paa zimepitisha maji upande wa mashariki, tukasogea wote upande mmoja tukaimba tumebanana.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekutana na Zamda kisimani, uso kwa uso. Ana miaka kumi na tisa labda. Alikuwa ameinama kwa shida kuchota maji, akainuka aliponiona, akasema, "Shikamoo, dada."

Nilimtazama tumbo. Nikajitwisha debe langu, nikaondoka.

Njiani nilifurahi. Nilipofika nyumbani furaha ilikuwa imekwisha. Mtoto wa watu aliniamkia, nami nikamnyima hata marahaba, isiyogharimu kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Mahindi yamefika magotini na magugu yanayafuata.

Baba Hiza alikuja leo mchana. Alisimama nje kwenye mvua akapiga hodi, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sikumkaribisha.

"Miguu ya Zamda imevimba," akasema. "Mama yake anaogopa kuja kwako."

"Mpeleke zahanati Sindeni."

"Korongo limejaa. Lori halijapita wiki ya pili sasa."

"Kwa hiyo leo nimekuwa na maana."

Alitazama chini. "Siombi kwa ajili yangu, Mama Hiza."

Nikamjibu kwa upole kwamba nitakwenda, maana mimi ni Mkristo. Nilitamka neno hilo polepole ili limfikie vizuri. Alipokuwa anaondoka nilijiona mrefu kuliko yeye.

Jumapili, 27 Aprili

Baada ya ibada nilikwenda kumpima Zamda. Ni mara ya tatu sasa. Uvimbe umepungua, nimemkataza chumvi. Lakini mtoto amekaa vibaya: kichwa kiko juu, chini ya mbavu, na siku zimekaribia. Niliwaita Mama Mwanaidi na Zamda pamoja nikawaambia, "Uchungu ukianza, hata ukiwa mdogo, niiteni hapo hapo. Mtoto wa namna hii hangoji."

Mama Mwanaidi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ni mwanamke mzee, mwembamba, mkulima hasa.

Nimeandaa mkoba wangu: mkasi, uzi, sabuni, vitambaa vilivyochemshwa. Umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango.

Ijumaa, 2 Mei

Barua ya Mchungaji imeletwa na mtu aliyevuka korongo kwa miguu. Habari zimefika Korogwe kwamba mke aliyeachwa anamhudumia mke mwenziwe. Akina mama wa usharika wameguswa. Watakuja Pentekoste, yeye pia atakuja, nami nitatoa ushuhuda. Ameandika "dada yetu mpendwa katika Bwana". Barua hiyo nimeisoma mara nne. Nimeanza kufikiri nitavaa nini.

Jumanne, 6 Mei

Leo Zamda amejifungua. Mtoto alitanguliza miguu, kichwa kikakwama. Wa kike. Hakulia. Mama yake ni mzima. Niliitwa, nikaenda upesi, nikafanya yote niliyofundishwa. Ni mapenzi ya Mungu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua.

Ijumaa, 9 Mei

Niliyoandika Jumanne si kweli. Kwa siku tatu nimekuwa nikilifungua daftari, naliona neno "upesi", nalifunga. Sasa naandika ilivyokuwa.

Mama Mwanaidi alifika kwangu kama saa nne asubuhi. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimebandika maharagwe.

"Mama Hiza, mwanangu ameanza."

Nikasema, "Nakuja."

Akageuka akakimbia kurudi, na umri wake ule, akiteleza na kujishika kwenye michongoma. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akapotea. Mkoba ulikuwa msumarini. Ilibaki kunyoosha mkono tu.

Nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Nilijiambia naituliza roho ili mikono isitetemeke. Mikono haikuwa inatetemeka. Nikabadilisha gauni. Nikafunga kilemba, nikakifungua, nikakifunga tena. Nikachukua ufagio nikafagia. Ni mkunga gani anayefagia nyumba wakati mtu yuko kwenye uchungu? Halafu nikapiga magoti.

Niliomba sala ndefu kuliko zote za maisha yangu. Nilimwombea Hiza, mama yangu, Mchungaji, na akina mama wa Korogwe watakaokuja. Niliwaombea viongozi wa nchi. Niliombea mahindi ya shamba la kijiji. Zamda sikumtaja. Nilimruka kila nilipomkaribia, na nilijua kwamba namruka.

Sikutaka mtoto afe. Hilo Mungu analijua. Nilitaka asubiri. Nilitaka Zamda alale pale aangalie mlango, na mtu asitokee, kama nilivyokuwa nikiangalia mlango mimi jioni nyingi chakula kikipoa. Kidogo tu, nilisema moyoni, aonje. Na nililifunika jambo hilo kwa sala, kwa sababu mtu akikukuta umepiga magoti hawezi kukuuliza kitu.

Nilipoinuka, maharagwe yalikuwa yameiva.

Kisha nikakimbia. Hapo kweli nilikimbia. Nilipoingia, miguu ya mtoto ilikuwa imeshatoka mpaka kiunoni, na Mama Mwanaidi amempakata Zamda kutoka nyuma, anamwambia, "Anakuja, mwanangu, amesema anakuja." Nikanawa. Nikashika kitovu: kilikuwa kimya. Nikaitoa mikono ya mtoto, nikakitoa kichwa kama nilivyofundishwa, nikampulizia, nikamsugua, nikampiga nyayo. Mtoto mzuri, mnene, nywele nyingi. Nikampulizia tena mpaka Mama Mwanaidi mwenyewe akaniambia, "Basi."

Damu ya Zamda ikaanza kumwagika. Hapo mikono yangu ilifanya kazi. Niliukanda mfuko wa uzazi mpaka ukakaza na damu ikakatika. Hilo nimelifanya, silikatai.

Baba Hiza alifika mbio kutoka shamba la kijiji, jembe begani. Alipoelewa, alikaa chini kwenye tope. Kisha akaja akanishika mikono ikiwa bado na damu, akasema, "Mungu atakulipa, Mama Hiza." Na Mama Mwanaidi akapiga magoti mbele yangu.

Walimzika alasiri ile ile.

Jumapili, 11 Mei

Watu saba kanisani. Wawili sijawahi kuwaona wakisali. Wanakuja kumwona mwanamke mwenye upendo.

Jumatatu, 12 Mei

Mke wa balozi wa nyumba kumi ameniletea mihogo. Mwingine ameniletea kuku. Kuku nimemrudisha nikasema naumwa tumbo.

Alhamisi, 15 Mei

Nakwenda kila siku kumkanda Zamda. Maziwa yamemjaa na hakuna wa kunyonya. Namfunga kitambaa, analia kimya kimya, ananiita dada. Nilikuwa namwona kama mwizi. Sasa naona msichana anayeogopa giza, anayeniuliza kama mtoto alikuwa na vidole vyote. Nikamwambia alikuwa navyo vyote.

Leo akasema, "Dada, zungumza na mama. Hali. Anasema yeye ndiye aliyemuua."

"Kwa nini?"

"Uchungu ulinianza alfajiri. Nikamwambia akuite, wewe ulisema uitwe hapo hapo. Akasema, nitakwendaje kumwamsha mwanamke tuliyemfanyia hivi? Ngoja kupambazuke. Kulipopambazuka akasema, ngoja aamke vizuri. Mpaka saa nne. Sasa anasema angekwenda alfajiri mtoto angekuwa hai."

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Ndiyo, alfajiri. Si mimi peke yangu. Nikaanza kuhesabu saa zake na zangu, nikaona zake ni nyingi. Nilikuwa bado nahesabu Zamda aliponiuliza, "Utamwambia nini?"

"Mwambie ale," nikasema.

Nikapita uani. Mama Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholala, mikono mapajani. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu. Nikapita.

Jumapili, 18 Mei. Pentekoste

Mvua ilipumzika na lori likapita. Mchungaji alikuja na akina mama kumi na wawili, wameshona sare. Kanisa lilijaa mpaka nje, na Waislamu walisimama dirishani. Mzee Mbwana alikaa benchi la mbele kama mgeni wa heshima.

Nikaitwa kutoa ushuhuda. Nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Nilisimama, nikaziona nyuso za wale akina mama zimeshaanza kulia kabla sijafungua kinywa. Nikasema, "Niliitwa. Nikaenda." Nikashindwa kuendelea. Wakadhani ni unyenyekevu. Wakaimba.

Niliitwa, nikaenda. Hakuna neno la uongo hapo, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Halafu Mama Mwanaidi akaja mlangoni. Amekonda. Aliomba aseme neno kwa wageni, Mchungaji akamruhusu. Akasema kwa sauti ndogo, "Huyu sasa ni mwanangu. Ningemwita mapema, leo ningekuwa na mjukuu. Kosa ni langu. Yeye alikuja."

Akina mama walinivika kitenge. Mchungaji alinishika mkono nje, mbele ya watu. "Nilikukosea mwezi wa tatu," akasema. "Endelea kuwaongoza. Nitakuandikia barua." Kile nilichokililia Korogwe nimepewa.

Jumatatu, 19 Mei

Sikwenda shamba. Sikwenda kwa Zamda.

Ijumaa, 23 Mei

Wanasema Mama Mwanaidi hainuki. Wamemtengenezea uji, ameusukuma.

Jumapili, 25 Mei

Watu kumi na mmoja. Nilisoma nikapotea mstari mara mbili. Nilipowaaga sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mstari wa pili, kwa sababu nilijua nikiingia kwangu nitapiga magoti kwanza.

Mama Mwanaidi alikuwa amelala jikoni juu ya mkeka, karibu na moto. Zamda alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikakaa chini. Nikasema, "Mama, kosa si lako."

"Unanifariji tu."

"Sikufariji. Uliponiita, sikuja. Ulipoondoka nilikaa."

Zamda aliacha mchicha. Mama Mwanaidi akajiinua kwa kiwiko. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Maji? Njia?"

"Hakuna maji kati ya kwangu na kwako, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilifagia. Nikaomba."

"Ukaomba."

"Ndiyo, mama."

"Muda gani?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Nikasema, "Nilikuwa ndiyo nimebandika maharagwe. Nikaondoka yameiva."

Yeye amepika maharagwe miaka hamsini. Hakuhitaji saa. Alitazama moto, midomo yake ikitembea kidogo, nadhani anapima. Zamda aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Ningependa angeubamiza.

"Ulifanya makusudi," akasema Mama Mwanaidi.

"Makusudi."

"Kwa sababu ya mume."

"Ndiyo. Sikujua kama atakufa. Lakini nilijua anahitaji niwahi, niliwaambia mwenyewe. Labda ungeniita alfajiri ningechelewa vile vile."

Alisukuma kuni moja motoni. Kisha akasema, "Nenda." Nilipofika kizingitini akaniita, "Mama Hiza." Nikageuka.

"Leo nitakula," akasema. "Lakini nenda."

Jumanne, 27 Mei

Baba Hiza amekuja, ameshika fimbo. Nilitoka nikasimama mbele yake, sikujikinga.

"Nimekuja kukupiga," akasema.

"Najua."

Alisimama. Fimbo ikashuka. "Njia nzima nilikuwa na nguvu. Nimefika hapa mlangoni, nimekumbuka ni nani aliyeanza." Akalia, mtu mzima, mbele ya majirani. Miezi mitatu nilikuwa natamani kumwona analia. Sikupata ladha yoyote.

"Rudi nyumbani, Muhidini," nikamwambia. "Zamda anakungoja."

Ni mara ya kwanza kumwita hivyo. Akaondoka.

Jumatano, 4 Juni

Nimetoka Korogwe. Nilimweleza Mchungaji Habakuki yote, nimesimama, na kitenge nimekirudisha kimekunjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungeniambia kabla sijawaimbisha wale akina mama."

"Ndiyo, Mchungaji."

Kisha akatamka kwamba nitengwe na meza ya Bwana mpaka mwaka upite, na nisiongoze ibada. Nikasema ni haki.

"Sasa utarudi Bungu?"

"Hapana, Mchungaji. Hapo nilipoharibu ndipo nitakaa."

"Utakaa kama nani?"

Nikamkumbusha kwamba aliniambia nisijiite kitu. Nilisema bila kejeli. Alinitazama, halafu akaniombea, na safari hii sauti yake ilikatika katikati.

Jumapili, 8 Juni

Tulikuwa watatu tena. Mzee Lukasi alisoma. Alijifunza herufi kwenye kisomo mwaka jana, anasoma silabi moja moja na kidole chini ya mstari. Mistari kumi ilichukua nusu ya ibada. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Sijawahi kusikia Neno polepole hivyo. Hakukuwa na mahali pa kujificha.

Jumanne, 10 Juni

Kisimani wananinyamazia. Sasa najua maana yake.

Alhamisi, 19 Juni

Mke wa balozi amejifungua. Nilisikia sauti ya kichanga nikiwa uani kwangu. Sikuitwa.

Jumapili, 22 Juni

Goti la Mzee Lukasi limevimba, mkewe amebaki kumwangalia. Nilifungua kanisa peke yangu. Sikupiga magoti, magoti yangu bado siyaamini. Nilikaa nikasema kwa sauti, "Mungu, nipo hapa, unajua nilichofanya." Nikakaa muda wa ibada nzima, nikafagia, nikafunga. Mzee Mbwana alikuwa anapita barabarani. Alisimama, akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akaendelea na safari.

Jumamosi, 28 Juni

Mahindi yamekauka. Navunja peke yangu. Hiza ameandika barua kwa mkono wake, anauliza baba yuko wapi. Nimemjibu kweli, kwa maneno ya mtoto. Mengine yangu atayapata akikua, kutoka kinywani mwangu.

Jumapili, 6 Julai

Peke yangu tena. Nikasema yale yale.

Ijumaa, 11 Julai

Leo mchana nilikuwa napukuchua mahindi uani. Kivuli kikanipita. Ni Mama Mwanaidi. Hakupiga hodi, na hakuniacha niamkie.

"Mkwe wa Mbwana," akasema. "Tangu asubuhi. Mkono umetangulia."

"Wamekubali niende?"

"Nimewaambia mimi."

Nikauchukua mkoba. Nilipotoka nilisita nimpishe, maana yeye ni mkubwa.

"Tangulia," akasema. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nikatangulia. Nilikwenda mbio, na nyayo zake zilikuwa nyuma yangu kila hatua, anahema, hakubaki. Watu walitoka kwenye nyumba kutazama. Sikumsalimu mtu.

Ilikuwa kazi ngumu. Niliusukuma mkono urudi, nikamgeuza mtoto kwa ndani, mama akipiga kelele na Mama Mwanaidi amemshika mabega, macho yake hayatoki kwenye mikono yangu. Jua lilikuwa limeshuka mtoto alipotoka. Wa kiume. Akakohoa, akalia. Mkwe wa Mbwana akauliza kama ni mzima, Mama Mwanaidi akamjibu, "Mzima." Kisha akatoka nje akakaa kando ya ukuta, na nikamwona anajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Tulirudi njia moja mpaka mlangoni kwangu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, mama."

"Zamda naye hajakusamehe. Sijui kama ataweza."

"Najua."

"Lakini nikikuita, utakuja."

"Nitakuja, mama."

Alinitazama kama anayeangalia mbegu kama imeliwa na wadudu. Akageuka, akaenda zake bila kuniaga.

Nimenawa, nimekula. Mzee Lukasi ametuma salamu kwamba goti limepoa, keshokutwa atakuja kusoma.